Mshono wa Magunia ya Ipelele

Jumapili, 14 Novemba 2004

Mimi ndiye niliyeileta intaneti Njombe. Watu watakwambia ni wamisionari na lile dishi lao juu ya bati. Waongo. Dishi walilisimamisha wao, sikatai, lakini lilikaa miezi na miezi likinasa ukungu tu, mpaka siku nilipopanda mimi, Kefa Mligo, nikalisukuma kidogo kwa goti. Kwa goti, wala si kwa bisibisi. Tangu siku ile barua za dunia nzima zinafika hapa kwa hisani ya goti langu la kulia. Shule niliishia kidato cha pili. Sikufukuzwa. Mimi na Hisabati tuliachana kwa amani, kila mmoja akachukua vyombo vyake.

Naandika mambo ya masika haya, ambayo kwetu huanza Novemba, ili siku waandishi wa magazeti wakija kuuliza ilikuwaje, nisianze kukuna kichwa.

Duka letu halina mlango, halina dirisha, halina hata bati. Liko ndani ya intaneti na linaitwa Nyanda za Juu Kompyuta. Mwalimu mkuu au mganga mkuu akiwa huko milimani na kompyuta yake ya msaada, anafungua ukurasa, anaona kibodi, monita, memori, anachagua, anatuma barua pepe. Sisi tunamfikishia. Maduka ya Dar yana vioo na viyoyozi, lakini sisi tuna Makambako, na basi la Mbeya linapita Makambako, la Songea linapita Makambako, la Dar linapita Makambako. Anayetaka mzigo nyanda za juu atatupigia magoti tu.

Ukurasa kautengeneza Elieza, ndugu yangu. Si wa tumbo moja. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, Mama Elieza akaja akanibeba mimi na godoro langu, akaliweka kando ya godoro la mwanawe, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Elieza alikwenda Dar kusoma kompyuta, akarudi na cheti, tai, na Kiingereza. Kwa hiyo yeye anajibu barua, mimi nafunga mashine. Yeye kichwa, mimi mikono. Nimemkumbusha kwamba kichwa ni kimoja, mikono ni miwili.

Ofisi ni chumba cha nyuma cha stoo ya viazi ya Mama, pale sokoni.

Jumatano, 17 Novemba

Radi imepiga nguzo ya umeme upande wa Kibena. Mungu anisamehe, nilipiga makofi. Kesho zitaingia oda za pawa saplai.

Alhamisi, 18 Novemba

Zimeingia.

Jumamosi, 27 Novemba

Nimeshinda Makambako kwa Zamda. Huyu ndiye anayetutunzia mzigo ukishuka kutoka Dar. Ana duka la nafaka karibu na njia panda, aliachiwa na marehemu baba yake aliyehamia hapa kutoka Kondoa, na roho yake ni kavu kama maharage anayouza. Kompyuta zetu zinakaa nyuma, kati ya mahindi na mashudu. Mimi naziwasha moja moja kuzijaribu, halafu yeye anaziweka kwenye magunia na nyasi kavu na kuyashona.

"Dada Zamda," nikamwambia, "kompyuta si mbaazi. Boksi lake linatosha."

"Bwana mdogo, boksi linaomba kuibiwa. Gunia nani ataligusa? Atadhani ni viazi."

"Na akidhani ni viazi akataka kuvila?"

"Atakuta mshono wangu, atauacha."

Hilo ni kweli. Makambako na Njombe kila mfanyabiashara wa gunia ana mshono wake. Wapagazi wasiojua kusoma jina wanasoma mshono: huu wa fulani, huu wa fulani. Gunia likifunguliwa njiani likashonwa na mwingine, linajulikana kabla halijateremshwa. Zamda anashona kwa uzi mwekundu na kufunga mafundo mawili mwishoni. Sisi kwetu, Mama alitufundisha mimi na Elieza mshono wake tukiwa wadogo, msalaba mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wangu unalala kulia. Elieza anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo wake unalala kushoto, kama mvua iliyosukumwa na upepo. Mama alikuwa akitutania kwamba hata akipofuka atajua kwa kidole gumba gunia lipi kashona nani.

Zamda hakunipa hata chai.

Jumamosi, 11 Desemba

Oda zimezidi hata hatupumui. Hospitali ya misheni, chuo cha ualimu, karani wa kiwanda cha chai, padri mmoja wa Ludewa anataka printa inayoweza kuandika nyimbo. Elieza ameweka picha yetu kwenye ukurasa: yeye na tai yake, mimi nimemwekea mkono begani, nimetoka vizuri kuliko yeye. Chini kaandika kwa Kiingereza kwamba mzigo unafika ndani ya siku tatu.

"Siku tatu? Masika haya?" nikamuuliza. "Daraja likikatika je?"

"Mteja hataki habari za daraja, Kefa."

"Atazitaka akizama."

Akacheka. Akaniambia kuna kampuni moja ya Dar imeuona ukurasa wetu, inaulizia. Inataka kuona kama oda zinaondoka kwa wakati. Ikiridhika inaweza kuingia ubia na sisi. Sisi! Nimeshaanza kufikiria gari. Nyekundu.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Kanisani kwaya imeimba mpaka ukungu umekimbia. Mama kachinja jogoo, akanipa paja mimi, Elieza akanuna. "Wewe una Dar," Mama akamwambia, "mwache mwenzio ale." Nimelila polepole mbele ya macho yake.

Jumatano, 12 Januari 2005

Oda kubwa kuliko zote! Shule moja ya kanisa kule Ipelele, juu Makete, inataka kompyuta sita kamili, zenye memori kubwa. Mkuu wa shule ni Mwalimu Silvesta, mtu wa maneno machache na koti zito. Kaandika kwamba wazazi wameuza ngano na pareto kwa ajili hiyo, tusimwangushe. Nimemwambia Elieza ajibu: "Mwalimu, mpaka Kefa aanguke kwanza." Kajibu kitu kingine.

Alhamisi, 20 Januari

Jana nilijaribu zote sita Makambako kwa mikono hii. Memori kamili, zote. Zamda kashona. Zimepanda basi la jioni kwenda Njombe, zimelala ofisini kwetu, asubuhi Elieza kazipakia gari la Makete. Mimi nimebaki kwa sababu ya homa. Kwenda Ipelele kuzifunga nitakwenda barabara ikikauka.

Jumanne, 25 Januari

Mvua.

Ijumaa, 28 Januari

Mvua. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeanza kupatikana, kwa hiyo mvua si mbaya sana.

Alhamisi, 3 Februari

Nimefika Ipelele, tope mpaka magotini, hata lile goti maarufu. Baridi ya huku inang'ata masikio. Wanafunzi wamejipanga kwa mstari kama wanapokea waziri. Nikapungia mkono, kwa nini nisipunge.

Nikayakata magunia matano haraka haraka, sikuyatazama mara mbili, mkono ulikwenda wenyewe kama mtu anayefungua mlango wa kwao. La sita halikuwa na meza, likabaki kwenye kona. Nikawasha ya kwanza. Ikajivuta kama mzee anayepanda mlima. Nikatazama memori: nusu. Ya pili: nusu. Zote tano, nusu. Nikafungua kifuniko. Kijiti kimoja cha memori kimetolewa, nafasi yake tupu, safi, aliyekitoa anajua kazi.

Mwalimu Silvesta alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono mfukoni.

"Kefa. Kuna nini?"

"Baridi, Mwalimu. Zinachelewa kuamka."

"Kompyuta zinasikia baridi?"

Nikashindwa kumwongopea mara ya pili. Nikamwambia. Hakugomba, na hicho ndicho kilichoniumiza. Akasema tu, "Wazazi watakuja Jumapili kuziona. Nitawaambiaje?"

Nimemwapia kwamba mwizi nitamleta kwa sikio. Na mwizi ninamjua. Mwanamke wa maharage.

Jumatatu, 7 Februari

Nimemtukana Zamda mbele ya duka lake, wapagazi wote wakisikiliza. Nimemwita mwizi, nimemwita panya wa stoo. Nilisema vizuri sana, watu wa njia panda watasimulia mwaka mzima.

Yeye akaendelea kupima maharage. Mteja alipoondoka akafuta mikono.

"Umemaliza? Ulikuta mshono wangu?"

"Nini?"

"Ipelele. Magunia. Ulikuta uzi mwekundu na mafundo mawili?"

Uzi mwekundu sikuuona. Nilikata kamba ya katani, ya kawaida, ya nyumbani.

"Sikutazama," nikasema.

"Mtu mwenye mdomo mpana hivyo," akasema Zamda, "macho atayatumia kwa kazi gani?"

Wapagazi wakacheka mpaka mmoja akaangusha gunia.

Jumapili, 13 Februari

Sijalala vizuri. Si kwa sababu yoyote. Kuku wa jirani.

Jumamosi, 19 Februari

Nimepanda tena Ipelele kwa ajili ya lile gunia la sita. Msalaba mmoja mrefu, mmoja mfupi. Umelala kushoto.

Nilikaa chini pale kwenye kona. Mwalimu aliniuliza kama naumwa.

Mtu aliyesoma Dar, anayejua Kiingereza, anayevaa tai! Angeshona ovyo, angefunga kwa waya, angeacha wazi tukawasingizia panya. Lakini mkono wake umefundishwa na mtu yuleyule aliyeufundisha wangu, na ukishika kamba haumuulizi mwenyewe.

Jumapili, 20 Februari

Nimemkuta ofisini anapiga pasi tai.

"Elieza, zile memori za Ipelele ziko wapi?"

Hakukataa. Namshukuru kwa hilo. Akasema zilikuwa zimekwisha stoo, na oda ya hospitali ilikuwa na siku yake ya mwisho, na ile kampuni ya Dar ilikuwa inafuatilia oda ile ile kuona kama tunasema kweli. Akaazima. Neno lake hilo, akaazima. Mzigo mwingine ukifika angepeleka Ipelele kimya kimya, nani angejua, watoto wa kule hawajawahi kuona kompyuta inayokwenda kasi wala inayokwenda pole.

"Mimi ningejua."

"Wewe ni ndugu yangu, Kefa. Wewe ungejua na ungenyamaza. Nipe wiki mbili tu."

Nimempa. Nani asiyempa ndugu wiki mbili?

Jumatano, 23 Februari

Nimekwenda Makambako kumwomba radhi Zamda. Nilitaka iwe ndani, faragha. "Ulinitukana mbele ya wapagazi," akasema, "utanisafisha mbele ya wapagazi." Nikasimama juu ya mzani wa mahindi nikatangaza kwamba Zamda si mwizi, si panya, na maharage yake hayana mawe. Hilo la mawe alilidai mwenyewe. Mpagazi mmoja akasoma uzito wangu kwa sauti, akauliza kama nauzwa.

Hakuniuliza mwizi ni nani. Akanipa chai.

Jumamosi, 5 Machi

Mwalimu Silvesta amepiga simu kwenye duka la vocha, wakanikimbilia kuniita.

"Kefa, nimepata barua pepe kutoka kwenu."

"Nzuri, Mwalimu. Memori zinakuja?"

Mvua inapiga bati kwake na kwangu.

"Inasema zimepatikana. Kampuni ya Dar imezitoa. Inasema pia kwamba fundi wenu amekuwa akitoa vifaa kwenye mashine za wateja, na mmemsimamisha kazi. Imetumwa kwa shule zote, naona majina ya wakuu wenzangu hapa." Akakohoa. "Fundi wenu si wewe?"

Ndiyo, Mwalimu. Fundi wao ni mimi.

Jumamosi, 12 Machi

Hii niiandike yote, hata kama mafuta ya taa yatakwisha.

Mwalimu Silvesta ameshuka Njombe na lile gunia la sita begani, halijafunguliwa. Alisema yeye hamhukumu mtu kwa barua. Tukakutana stoo kwa Mama, tukakaa juu ya viazi: Mwalimu, Elieza na tai yake, mimi, Mama kwenye kigoda chake akichagua viazi vya mbegu, vidogo huku, vikubwa kule. Zamda akaingia bila kualikwa, kanga imelowa, ametoka na basi la kwanza.

"Shikamoo Mama. Gunia langu limefunguliwa, jina langu limetukanwa. Mlidhani nitakaa nyumbani kusubiri taarifa?"

"Marahaba. Kaa, mwanangu," Mama akasema.

Mwalimu akaeleza kilichomleta. Akitoka pale anakwenda ofisi ya elimu ya kanisa. Ama atasema Kefa ni mtu safi na aendelee kufungua milango ya shule zao zote, ama atasema asikanyage tena. "Na shule zikisema hivyo," akaongeza, "hospitali zitasema hivyo, na maduka. Mnajua kwetu." Tunajua.

Akaweka gunia katikati.

"Mshono huu si wa Makambako."

"Si wangu," Zamda akasema. "Wangu mwekundu, muulize mpagazi yeyote."

"Ni wa nani?"

Nikamtazama Elieza. Nilimpa nafasi, jamani. Nilimpa nafasi kubwa kama uwanja wa mpira.

"Kefa anashona hivyo," akasema.

Na hakudanganya! Hata neno moja. Kefa anashona hivyo.

"Na wewe je?" Zamda akamrukia. "Hamkulelewa nyumba moja?"

"Mimi sijashika shazia tangu nilipokwenda Dar. Dada, mimi ni mtu wa ofisi."

Mwalimu akamgeukia Mama. "Mama, wewe ndiye uliyewafundisha. Wengine hatujui tofauti. Tusaidie."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge. Akalivuta gunia mapajani kama mtoto. Hakulitazama kwanza. Aliupitisha mshono kwa kidole gumba, kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, akarudi tena. Nilikiona kidole kikipanda na kushuka, kikilala kushoto kila msalaba. Alijua. Kama anavyojua kiazi kilichooza ndani.

"Ni wa Kefa," akasema.

Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo wote tulisikia.

"Mama, tazama tena," Zamda akasema, na sauti yake safari hii haikuwa ya sokoni.

"Nimetazama."

Zamda akachomoa shazia yake kwenye kanga, ile sindano ndefu ya magunia, na kipande cha kamba, akanitupia mapajani. "Shona. Shona hapa mbele ya Mwalimu, misalaba mitatu tu inatosha. Mwalimu, utaweka mishono miwili pamoja, hata mtoto ataona."

Nikapitisha kamba kwenye tundu. Mara moja, bila kulamba. Elieza akashika tai yake. Mwalimu akasogea mbele. Nikamtazama Mama. Alikuwa amerudi kwenye mbegu zake, vidogo huku, vikubwa kule.

Nikaiweka shazia chini.

"Mjinga wewe!" Zamda akapiga kelele. "Mjinga mkubwa!"

Mwalimu Silvesta alinyanyuka, akajifunga koti. Akasema "Basi," kwa masikitiko, kama mtu aliyetaka sana kukosea. Akaondoka. Elieza akamfuata na mwavuli.

Zamda naye alipotoka, tukabaki wawili, Mama akaniuliza, "Utakula? Kuna viazi na maziwa."

"Nimeshiba, Mama."

Nilikuwa sijala tangu jana.

Ningeweza kumaliza yote kwa misalaba mitatu. Lakini mimi ni mtu mkubwa. Nilimwonea huruma mama wa watu, mwanawe asiaibike mbele yake. Si wengi wangefanya hivyo. Naandika ili ijulikane.

Jumapili, 13 Machi

Nimehamishia godoro Makambako.

Jumatano, 23 Machi

Ubia umepita. Elieza sasa ni meneja wa kampuni ya Dar kwa nyanda zote za juu, na duka lisilo na mlango limepata mlango, wa kioo, barabara kuu Njombe. Zamda kanifungulia ukurasa wao pale kwenye kibanda cha intaneti Makambako. Ni mzuri, kuna rangi nyingi, wateja wamekuwa wengi kuliko tulivyoota. Picha yetu ipo bado. Mimi nimekatwa. Wamekata vibaya, lakini. Begani kwa Elieza umebaki mkono wangu, vidole vinne, hauna mtu.

"Kucha chafu," Zamda akasema.

Ndiyo maana nampenda huyu mwanamke. Kidugu, namaanisha.

Jumapili, 27 Machi

Pasaka. Nimekula pilau kwa Zamda, ambaye Pasaka haimhusu. Alisema aliipika tu, haikuwa na sababu.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua zinaaga. Siku hizi nashona magunia ya Zamda, uzi mwekundu, mafundo mawili, na kwa mshahara huo nimeanza kufunga kompyuta za maduka ya hapa njia panda, ambayo hayana habari na ofisi ya elimu. Mpagazi mmoja kaniambia mimi ndiye mshonaji bora tangu marehemu baba yake Zamda. Nimemwambia amechelewa kugundua.

Wanaoniuliza mambo ya Nyanda za Juu Kompyuta ninawapa majibu kwa zamu. Wengine nawaambia ni masika. Wengine nawaambia ni Dar, imemeza watu wakubwa kuliko Elieza. Wengine nawaambia ni zile siku tatu tulizowaahidi wateja. Zamda naye anawasimulia wateja wake kwamba niliiweka shazia chini kwa huruma, na anaisimulia vizuri, wanawake wanasikitika, nami nanyamaza na kutazama pembeni kwa unyenyekevu.

Si kweli. Ipelele wana memori zao sasa, watoto wanajifunza, hapo hakuna kilichoharibika. Elieza alifanya alivyofanya, nimeshamkasirikia, nitamkasirikia tena. Kilichoharibika ni kimoja. Nilikuwa na shazia mkononi na kamba tunduni, na sikuwa na huruma na mtu yeyote. Nilikuwa namsubiri Mama anyanyue macho, aseme, "Shona, mwanangu." Nilisubiri muda wote ule. Alichagua viazi.